Joto la ndani: kipimo kinachoamua kama kidari cha kuku kitatoka laini au kikavu

Joto la ndani ni joto la katikati ya pande la nyama, pale penye unene kuliko pote, ambapo moto hufika mwisho. Si joto la oveni. Oveni yaweza kuwa nyuzi 220 za Selsiasi huku katikati ya kidari kukiwa na nyuzi 40 tu, nyama bado mbichi. Mtu akisema ameoka kwa nyuzi 200 kwa nusu saa, ametaja moto na muda; nyama yenyewe ilifika wapi, hajasema. Kwa mguu na paja hilo halidhuru sana, kwa sababu sehemu hizo ni vumilivu. Kidari si kivumilivu. Kikizidi nyuzi sita au saba tu, ile nyama iliyokuwa itoe maji ukiikata inageuka nyama ya kukwama kooni.

Sababu imo katika kidari chenyewe, au kifua kama wengi wanavyokiita sokoni. Ukiondoa ngozi, karibu robo tatu yake ni maji, karibu robo ni protini, na mafuta hayazidi sana asilimia 1 au 2. Hakuna mafuta ya kuificha nyama iliyokauka. Ulaini wote unategemea maji yaliyoshikiliwa na protini, na protini huyaachia kwa hatua kadiri joto linavyopanda. Kuanzia nyuzi 50 hivi, protini iitwayo miosini huanza kuganda: nyama inaacha ung'avu wa ubichi, inakuwa nyeupe na kushikana. Hapo haijapoteza maji mengi. Ikivuka 60, ngozi nyembamba zinazofunga mafungu ya msuli hujikunja na kuyaminya, na maji huanza kutoka. Kisha, katika nyuzi za mwisho za 60 na kupita 70, protini ya pili, aktini, nayo inaganda, na msuli mzima unajifinya kama kitambaa kinachokamuliwa. Ikifika 80, maji mengi yameshahamia kwenye trei.

Mguu na paja hufuata njia nyingine. Zina mafuta zaidi, na zina kolajeni nyingi, ile tishu ngumu inayoshika misuli inayofanya kazi ya kutembea. Kolajeni ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 70 huyeyuka kuwa ute laini, kwa hiyo paja ni tamu zaidi kwenye 80 au hata 85. Ndiyo siri ya luwombo, chakula cha Waganda. Kuku mzima aliyekatwa vipande akafungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa huwa laini kwa sababu kolajeni imeyeyuka, na mchuzi uliomo ndani ya jani huwarudishia walaji unyevu ambao nyama imeupoteza. Kidari kisicho na mfupa hakina kolajeni ya kutosha kufaidika na safari hiyo ndefu. Ukikipika kwa subira ileile, utapata makapi.

Basi kikomo ni kipi? Kwa usalama, Wizara ya Kilimo ya Marekani hushauri kuku afike nyuzi 74 katikati, na jikoni nyingi duniani hufuata namba hiyo. Kwenye 74 vijidudu kama salmonela hufa papo hapo. Hufa pia kwenye joto la chini kidogo, ila kwa muda zaidi: kwenye 66 huchukua kama dakika tatu, na lazima dakika hizo zihesabiwe kwa kipimajoto cha kuaminika. Kwa jikoni la nyumbani ushauri ulio salama na wenye kuleta ulaini ni huu: toa kidari kikiwa na nyuzi 71, kiache nje, thibitisha kimefika 74.

Kimefikaje 74 nje ya oveni? Sehemu ya juu ya nyama ina joto kali kuliko katikati, na joto hilo huendelea kusafiri kuelekea ndani hata moto ukiwa umezimwa. Kidari cha gramu 200 kilichookwa kwa nyuzi 220 hupanda nyuzi 2 hadi 4 zaidi kikiwa kimefunikwa kwa foili kwa kulegeza. Anayengoja kipimajoto kiseme 74 ndani ya oveni atakula nyama ya 76 hadi 78. Dakika 5 hadi 8 za kupumzika zina faida nyingine: maji yaliyo ndani huwa mazito kidogo na kutulia, hivyo hayamwagiki ubaoni ukikata.

Kupima kwenyewe

Kipimajoto cha nyama chenye ncha nyembamba, kinachosoma ndani ya sekunde chache, ni chombo kimoja kinachostahili kununuliwa kabla ya trei ya kupendeza au viungo vya bei. Kichomeke kwa ubavu wa kidari, sambamba na trei, ncha iishie katikati ya pale palipo nene. Ukichoma kutoka juu, ni rahisi ncha ipite hadi kwenye trei na kusoma joto la bati. Ikigusa mfupa nayo husoma vibaya. Pima sehemu mbili, na uamini namba ndogo.

Kuna kosa moja la nchi yetu ya miinuko, Uganda. Maelezo ya vipimajoto husema vihakikishwe kwa maji yanayochemka, ambayo yanapaswa kusoma 100. Hilo ni kweli ufukweni mwa bahari. Kampala ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale, penye mita 2,000 hivi, huchemka kwenye 93. Anayerekebisha kipimajoto chake mpaka kisome 100 kwenye sufuria inayochemka Kampala amekifanya kidanganye kwa nyuzi 4, na kitamwambia nyama imeiva kabla haijaiva. Tumia maji yenye barafu nyingi iliyopondwa: koroga, ngoja dakika moja, kisome 0. Barafu haibadiliki kwa mwinuko.

Bila kipimajoto, chukua kijiti cha chuma cha mishikaki, kichome katikati kwa sekunde kumi, kisha kiguse ndani ya kifundo cha mkono. Kikiwa vuguvugu, nyama bado. Kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, imeiva. Ni makadirio tu, kwa hiyo kata pia pale penye unene: pasiwe na sehemu yenye ung'avu wa ubichi wala utelezi. Rangi peke yake isikutishe wala kukutuliza. Kuku wa kisasa huchinjwa wakiwa wachanga, na damu ya ndani ya mifupa yao huweza kuacha wekundu karibu na mfupa hata nyama ikiwa imepita 74.

Kabla ya moto

Kipimo sahihi hakiokoi nyama iliyoharibika mapema, na hapa ndipo kidari cha sokoni kinapotofautiana na cha friza ya supamaketi. Ukinunua kuku akiwa hai katika masoko ya Kampala, Nakasero, Nakawa au Kalerwe, akachinjwa hapohapo, misuli yake hukakamaa katika saa zinazofuata. Ukikata kidari kutoka mfupani wakati huo na kukioka, msuli hauna cha kuuzuia usijikunje, na utakuwa mgumu hata ukiutoa kwenye nyuzi 71 kamili. Mfikishe kuku nyumbani upesi, mweke mzima kwenye friji saa 4 hadi 6 kwa uchache, bora usiku kucha, ndipo umkate vidari. Mpishi wa hoteli akilalamika kuwa kuku "freshi" ni mgumu kuliko wa friza, mara nyingi hiki ndicho kisa chake.

Jogoo wa kienyeji au kuroila (kuku chotara) aliyezeeka ni habari nyingine kabisa. Msuli wake umefanya kazi, na njia hii haimfai. Mpeleke kwenye mchuzi. Na kuna vidari vya broila vinavyokuwa vigumu kama mpira vikiwa bado vibichi, vyenye mistari myeupe na uvimbe juu. Ni kasoro ya msuli kwa ndege waliokuzwa haraka mno. Ukikibonyeza na kikabaki kigumu, usikinunue, maana hakuna mapishi yatakayokilegeza.

Chumvi ndiyo msaidizi mkubwa wa joto la ndani. Hulegeza protini kiasi kwamba zikiganda hushika maji zaidi, kwa hiyo kidari kilichotiwa chumvi mapema husamehe kosa la nyuzi mbili tatu. Kwa kilo moja ya nyama tumia gramu 10 hadi 12 za chumvi laini, sawa na vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa. Ipake pande zote na uache kwenye friji saa moja au zaidi. Ukipenda maji ya chumvi, yeyusha gramu 50 hadi 55 (vijiko 3 vya chakula vilivyosawazishwa) katika lita moja ya maji baridi, zamisha vidari kwa dakika 30 hadi saa 2, visizidi, kisha vikaushe kwa kitambaa safi. Ukitumia viungo vya pakiti vya mchuzi, kumbuka vina chumvi tele, punguza hii.

Limau lina sifa kuliko linavyostahili. Tindikali yake hugandisha protini za juu bila moto, na kidari kilicholala usiku mzima katika limau hutoka na ngozi ya nje yenye unga kama chokaa. Nusu saa yatosha. Saa 2 ndio mwisho. Mtindi, ule ambao Waganda huuita bongo, ni mpole zaidi na huvumilika kwa saa kadhaa pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na binzari.

Kidari kina ncha nyembamba upande mmoja na kibonge upande wa pili, na joto la ndani haliwezi kuwa moja katika umbo hilo: ncha hufika 85 kibonge kikiwa 65. Kiweke katikati ya mifuko miwili safi ya plastiki, ukipondeponde kwa mchi au chupa mpaka unene uwe sawa, sentimita 2 hadi 2.5. Kikiwa kikubwa kupita gramu 300, kipasue kwa mlalo upate vipande viwili. Kazi ya dakika mbili, na huenda ikawa na faida kuliko viungo vyote ulivyopanga.

Washa oveni dakika 15 kabla, nyuzi 220. Paka mafuta kijiko kimoja cha chakula kwa vidari viwili, ongeza paprika, pilipili manga na kitunguu saumu cha unga (kile kibichi huungua na kuwa kichungu kwenye moto huu). Panga kwenye trei kwa nafasi, maana vikibanana vitatoa mvuke na kuchemka badala ya kuokeka. Anza kupima dakika ya 14. Kidari cha unene uliotajwa hufika 71 kati ya dakika 16 na 20. Chenye mfupa na ngozi huchukua 35 hadi 40 kwa nyuzi 200. Lakini oveni nyingi za nyumbani husema uongo kwa nyuzi 15 au 20, na zile ndogo za mezani huunguza juu kwa sababu waya uko karibu, hivyo weka trei katikati au chini kidogo. Za gesi zenye moto wa chini peke yake hutaka trei ipande juu.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usifungue mlango. Pima baada ya dakika 10. Kama joto bado linapanda, ngoja na uendelee kupima. Kama limesimama chini ya 74, hamishia vidari kwenye kikaango chenye mfuniko juu ya gesi au sigiri umalizie hapo mara moja. Nyama nusu mbichi isiachwe ikingoja umeme urudi.

Kilichobaki kiweke friji ndani ya saa 2. Kesho usikirudishe kwenye oveni kikavu kikavu, kwani sasa kitapanda hadi 74 kwa mara ya pili na kumaliza maji yaliyosalia. Kikate vipande vyembamba kikiwa baridi, pasha mchuzi wa karanga mpaka uchemke, teremsha sufuria, tumbukiza vipande, funika. Baada ya dakika tatu au nne vitakuwa vya moto, tayari kwa matoke.