Damu mmeitoa, na sauti je?

Sikukuu ikikaribia, maombi yanayonifikia huwa yale yale: ichukue RoboCop, ile filamu ya polisi aliyeuawa akafanywa nusu mtu nusu mashine, toa sehemu za damu, tuwaoneshe watoto. Ukikataa unaambiwa, mbona Wamarekani wenyewe waliitengenezea katuni? Ndiyo, waliitengenezea. Lakini hawakuikata, waliiandika upya. Tofauti hiyo nimeshachoka kuieleza, basi naiweka hapa, kila anayeuliza nitamtumia linki.

Filamu ya Paul Verhoeven ya 1987 ilipewa daraja la X kwanza, yaani ya watu wazima tu, kwa ukatili wake, ikapunguzwa mpaka ikapata R, ambayo mtoto haingii bila ya mtu mzima. Mwaka uliofuata Marvel Productions wakatoa katuni ya vipindi 12, na Kenner wakauza midoli yake. Msitafute sababu ya kisanaa hapo. Tangu 1984 FCC, mamlaka ya utangazaji ya Marekani, ilikuwa imeshaondoa ukomo wa muda wa matangazo kwenye vipindi vya watoto, na mdoli unahitaji kipindi cha kuutangaza.

Haya, ikate uone. Ukitoa sehemu ya kuuawa Murphy, yule polisi anayegeuzwa RoboCop, mtoto hajui huyu mtu wa chuma katokea wapi wala anataka nini. Ukiibakisha nusu, ukaondoa zile fremu (picha moja moja za filamu) risasi zinapompata tu, bado yapo macho ya wanaomzunguka, kicheko cha genge, na kile kimya cha kabla. Hofu ya mtoto inakaa humo, haikai kwenye rangi nyekundu. Halafu ipo sauti. Katika faili mliyojaziwa kwenye flashi sokoni Darajani, hapa Unguja, maneno, muziki na vishindo vimeshachanganywa pamoja. Kata picha sekunde tatu, muziki unaruka, na mkia wa ukelele unaangukia kwenye picha inayofuata, ambayo pengine ni mtu anakunywa kahawa. Kulificha hilo unahitaji mkondo wa muziki na vishindo usio na maneno. Huo hubaki kwa wenye filamu, haufiki Darajani.

Sasa waandishi wa katuni walifanya nini? Clarence Boddicker, mkuu wa genge lililomuua Murphy, ambaye kwenye filamu anakufa, kwao yuko hai, maana adui wa kipindi cha kila wiki hukamatwa ili arudi tena. Dkt. McNamara, mwenye ile roboti ya kivita ED-209, akageuzwa hasimu wa kudumu: anachotaka ni kuthibitisha kwamba mashine yake ndiyo bora. Angalia hapo. Nia ya adui imebadilika kutoka kuua kuwa kushindana, na nia hiyo ikishabadilika, kila tukio linalofuata linapoa lenyewe bila ya mkasi.

Na bunduki zikawa za miale ya leza. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu watu hudhani leza iliwekwa kwa kuwa haitoi damu. Si hilo tu. Swali kubwa la wakaguzi wa vipindi vya watoto ni: je, mtoto anaweza kukiiga alichokiona akitumia vitu vilivyomo nyumbani? Leza hana. Ngumi anayo, kamba anayo, kisu cha jikoni kipo. Kwa hiyo shujaa anaweza kurusha miale dakika nzima na hakuna anayesema kitu, lakini akimkaba mtu shingo sekunde moja, onyesho linarudishwa. Hapa kwetu mie ningetazama zaidi kuruka. Vijana wanaoruka baharini pale Forodhani, ufukweni mwa mji, wanajua maji yakijaa na yakipwa. Shujaa wa katuni anaruka tu, na anayemtazama ana miaka mitano.

Kuna jambo ambalo sina uhakika nalo hata leo. Mwale unampata mtu, anaanguka, anainuka, anajipangusa. Je, huko si kumfundisha mtoto kwamba silaha haiumizi? Inawezekana katuni safi ina uongo ambao filamu chafu haina. Kanuni za kazi hii haziligusi swali hilo, na mie sina jibu.

La uchoraji nitalipitia haraka. Kipindi cha dakika 22 kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 31,680. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, unabaki na michoro 15,840. Kofia ya RoboCop inaficha macho, kwa hiyo akizungumza unachora mdomo tu. Ila mng'aro wa chuma ni gharama, ndiyo maana kwenye katuni huishia kuwa rangi mbili tatu bapa.

Mwenye kutaka kitu cha kuonesha na achukue kilichoandikwa kwa watoto tangu mwanzo, lakini neno "katuni" lisimtoshe. Men in Black ya 1997 ilikuwa na mzaha tangu kwenye filamu, ikahamia kwenye katuni bila ya taabu. Katuni ya Roughnecks ya 1999, iliyotokana na filamu ya Starship Troopers na kutengenezwa kwa kompyuta, imebaki kuwa vita na wadudu wakubwa. Watoto wa skuli ya maandalizi singewaonesha. Wa miaka kumi na mbili, labda, baada ya wewe mwenyewe kukitazama kipindi kizima, si tangazo lake.