Brutus alihukumu kwanza, ushahidi akautafuta baadaye

Kila mwaka napata kundi jipya la fomu siksi wanaokuja tuisheni jioni hapa Moshi, na kila mwaka nikifungua Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mtawala wa Roma aliyeuawa na wenzake, wote wanataka turuke moja kwa moja mpaka kwenye visu. Nawaelewa, visu ni vitamu, jamaa wamemzunguka mtu mmoja, anachomwa, anamwona rafiki yake Brutus naye kashika kisu, anasema ile "Et tu, Brute" (hata wewe, Brutus) afu kwisha habari. Ila ukiisoma kwa ajili ya visu utayaona mauaji, usaliti utakupita. Usaliti umeshafanyika usiku wa kuamkia siku hiyo, bustanini kwa Brutus, Caesar yupo kwake hajui hili wala lile.

Fungueni sehemu ya 2, onyesho la 1. Brutus hana usingizi, anaongea peke yake, na akianza tu kulizungumzia jambo lenyewe anasema lazima Caesar afe. Akianza tu! Afu ndo anaanza kutafuta kwa nini. Anakiri hana kisa naye binafsi, anakiri hajawahi kumwona akiongozwa na hisia kuliko akili, sasa kosa liko wapi? Liko kwenye "huenda". Akivishwa taji la ufalme huenda akabadilika. Na kwa kuwa kwa jinsi alivyo sasa hana la kumshtakia, basi kesi anaipanga mwenyewe: tumhesabu kama yai la nyoka, tumuue angali kwenye ganda.

Afu kuna ile barua, hapa huwa nakaa muda mrefu. Kijana wake Lucius kaiokota dirishani, sisi tunajua ni Cassius, kinara wa njama ya kumuua Caesar, ndo kapanga zirushwe za miandiko tofauti zionekane zimetoka kwa wananchi. Barua ina mapengo. Inaanza kusema kitu kuhusu Roma, inakatika, Brutus anamalizia mwenyewe kwa sauti, tena anamalizia vile vile Cassius alivyotaka. Hakudanganywa uongo mzima, kaachiwa nafasi ajaze. Kama umewahi kukaa kikao cha ukoo cha mambo ya kihamba (shamba la ukoo) hiyo mbinu unaijua: mtu anasema "mimi simtaji mtu, ila..." anakaa kimya, wenzake wanamalizia.

(Mwalimu Nyerere aliitafsiri hii kazi, ikatoka 1963 akiwa Rais, akairekebisha ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mkuu wa nchi, jina lake mwenyewe Julius, anakaa anatafsiri habari za kiongozi kuuawa na marafiki zake. Isomeni kwa sauti, kimya kimya haifai.)

Mwaka juzi binti mmoja ambaye huwa haongei kabisa akanyoosha mkono, "Mwalimu, kwani Caesar kafanya nini?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeifundisha miaka sita na sikuwahi kujiuliza hivyo.

Tukaruka mpaka hotuba za msibani. Ya Antony, rafiki wa Caesar, nikaiacha kwanza, ile kila mtu anaipenda, ana joho la Caesar lenye matundu ya visu, ana wosia wake wa drakma 75 kwa kila raia, ana taji lililokataliwa mara tatu, yaani ana vitu vya kuwashikisha watu japo yeye mwenyewe ni fundi wa uongo. Nikamwambia dogo aliyekuwa anaigiza Brutus achukue hotuba yake, fupi tu, haina hata mashairi, agawe daftari safu mbili, yaliyotokea na yanayodaiwa. Mvua inapiga bati, hatusikilizani. Akaniletea. Yaliyotokea: alinipenda, alibahatika, alikuwa shujaa, nikamuua. Yanayodaiwa kaandika neno moja, tamaa, na pembeni yake kaweka alama ya kuuliza.