Kwa nini injini iliyotyuniwa Nairobi hugonga ikifika Mombasa?

Gari limetoka Nairobi likiunguruma vizuri. Limepita Mtito Andei, limepita Voi, halijalalamika. Kesho yake, likipanda kutoka Miritini kwenda Mazeras, chini ya boneti kunasikika ka-ka-ka, kama misumari inayotikiswa mkebeni. Likisimama kwenye foleni, injini inamisi, yaani inakatakata, na kutetemeka. Wengi hulaumu petroli ya Pwani. Mara nyingi petroli haina kosa; kilichobadilika ni hewa.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa kule ni kama asilimia 82 ya hili letu la Pwani. Pistoni ikishuka hapa Mombasa, hewa inayoingia kwenye silinda ni nyingi zaidi. Gari lenye kompyuta hulipima jambo hilo na kujirekebisha. Lakini injini iliyojengwa upya kwa mkono, yenye kabureta (kichanganya petroli na hewa), distribyuta (kigawa cheche kwa plagi), na silindahedi (kifuniko cha silinda) iliyoskimiwa, yaani iliyopunguzwa unene, ili mgandamizo uongezeke, haina wa kuiambia kwamba imefika baharini.

Petroli ndani ya silinda haiwaki yote mara moja. Moto huanzia kwenye plagi, ukasambaa kwa muda wa milisekunde chache. Muda huo si mdogo kwa injini: ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, hupiga digrii 18 kila milisekunde. Ndiyo maana cheche hupigwa mapema, pistoni ingali yapanda. Katika hewa nyepesi ya Nairobi moto huenda polepole, kwa hiyo fundi wa kule huiwahisha cheche zaidi, na kwa kule amefanya sawa. Huku silinda hujaa zaidi, mchanganyiko unaungua upesi, na shinikizo linapanda kabla ya wakati wake. Petroli iliyobaki pembeni hubanwa, ikapata joto, ikajiwasha yenyewe kabla moto haujaifikia. Huko ndiko kugonga, na kukiachwa kunaitoboa pistoni.

Kumisi kuna sababu yake nyingine. Jeti za kabureta (vitundu vya kupitishia petroli) zilizopunguzwa kwa ajili ya Nairobi hazitoi petroli ya kutosha huku, mchanganyiko ukawa mkavu, petroli chache kwa hewa nyingi. Plagi itakuonyesha: kauri yake huwa nyeupe badala ya kahawia. Ukiona vitone vidogo vya fedha juu yake, usiliendeshe tena gari hilo. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni.

Kabla ya kugusa distribyuta, fungua kofia yake. Hewa yetu ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye vituo vya shaba. Kisha usiku washa injini gizani na utazame nyaya za plagi. Cheche za buluu zikiruka kando, umempata mwizi. Kagua pia mipira ya vakyumu (ile inayofyonzwa hewa na injini) na gasketi ya manifoldi, njia ya hewa kuingia kwenye silinda, maana hewa ikipenya hapo injini itatetemeka hata taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, ikiwa sawa kabisa. Na kama umefunga kemshafti kali (mhimili wa kufungulia vali), mtetemo kidogo injini ikiwaka bila gari kwenda ni tabia yake, hakuna taimingi itakayouondoa.

Ndipo utoe taa ya taimingi, ile inayomulika alama ya puli kila cheche inapopigwa. Tafadhali usiweke kwa sikio. Ukiiwahisha cheche gari likiwa limesimama, injini huongeza mzunguko na kusikika tamu, kumbe umeiandalia balaa ya mlimani. Toa mpira wa vakyumu wa distribyuta na uuzibe. Hakikisha alama ya puli ya krenki inasema kweli, kwani puli za zamani zina mpira katikati na duara la nje huteleza. Chomoa plagi ya silinda ya kwanza na utafute mwenyewe kilele cha pistoni, pale inapofika juu kabisa. Kisha rudisha cheche nyuma digrii mbili mbili, ukikumbuka kwamba distribyuta huzunguka nusu ya mwendo wa krenki: digrii moja ya mkono wako ni mbili kwenye puli.

Kila ukirudisha, panda tena Mazeras kwa gia ya juu, vioo vikiwa wazi, usikilize. Na kabla ya yote, kwaruza alama kwa msumari pale distribyuta ilipokuwa imekaa, ili siku ya kurudi Nairobi uirudishe papo hapo.