Afya ya dunia: shahada hii inafundisha nini hasa?

Afya ya dunia ni taaluma inayochunguza matatizo ya afya yanayovuka mipaka ya nchi, sababu za watu wa sehemu moja kuugua na kufa zaidi kuliko wa sehemu nyingine, na mipango ambayo nchi nyingi hulazimika kuifanya pamoja. Daktari wa hospitali humuuliza mgonjwa mmoja anaumwa wapi. Mtu wa afya ya jamii huuliza kwa nini mtaa mzima unaharisha. Wa afya ya dunia anauliza hayo ya mtaa, kisha anaendelea: dawa inatengenezwa wapi, nani anailipia, nani aliamua iende kwingine kwanza?

Chukua mpox, ugonjwa wa kirusi unaotoa vipele mwilini. Aina mpya ya kirusi hiki, inayoitwa Ib, ilianza kuonekana Kamituga, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, Septemba 2023. Kufikia Julai na Agosti 2024 ilikuwa imeingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Chanjo za kwanza zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba, na watu wakaanza kuchanjwa Goma tarehe 5 Oktoba. Zaidi ya mwaka mzima ulipita, ingawa chanjo hiyohiyo ilikwisha kutumika Ulaya na Marekani mwaka 2022.

Kwa nini ilichelewa? Mwanafunzi akijibu kwamba wazungu hawatujali, atakuwa amesema lililo moyoni mwa wengi, lakini mwalimu atamrudishia karatasi. Jibu linalotakiwa lina hatua zake. Mamlaka ya dawa ya Kongo iliruhusu chanjo hiyo Juni 2024 tu. Gavi, shirika linalonunulia nchi maskini chanjo, kwa kawaida linasubiri kibali cha Shirika la Afya Duniani, na kibali hicho kilitoka tarehe 13 Septemba 2024. Akiba kubwa ilikuwa mikononi mwa serikali za nchi tajiri, na kiwanda hakizalishi kwa wingi kabla ya kupata mnunuzi. Ukiweza kuonyesha ni fundo gani kati ya haya lingefunguliwa mapema, na nani mwenye uwezo wa kulifungua, umeanza kuielewa taaluma hii.

Kama shahada ya kwanza, masomo haya huchukua miaka mitatu Uingereza na minne Marekani. Kwetu Kongo, katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), lisansi ni miaka mitatu yenye kredi 180, yaani 60 kwa mwaka. Ndani yake kuna epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea katika watu), takwimu, demografia, uchumi wa afya, sheria, anthropolojia na siasa za misaada. Anatomia ni kidogo sana. Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika: mtoto hatavaa blauzi nyeupe ya daktari, hataandika dawa, wala Chama cha Madaktari au cha Wauguzi hakitamsajili kwa diploma hii. Chuo kikuu cha Duke, Marekani, hakimruhusu mwanafunzi kuchukua afya ya dunia peke yake. Lazima aiambatanishe na somo kuu jingine. Naona wana busara.

Kinachowaangusha wengi ni hesabu, tena hesabu zenyewe si ngumu. Chukua zoezi la kambi ya wakimbizi 12,000. Kanuni za Sphere, mwongozo wa mashirika ya misaada, zilizoanza kutungwa mwaka 1997 baada ya mashirika kujichunguza yalivyofanya kazi katika msiba wa Rwanda na wakimbizi wake, zinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Hizo ni lita 180,000, au lori 18 za lita 10,000 kila siku. Bomba moja ni la watu 250, basi yanatakiwa mabomba 48. Bomba likitoa lita 7.5 kwa dakika, litahitaji saa 8 na dakika 20 kuwatosheleza watu wake. Likifunguliwa asubuhi tu, watakaokosa watashuka ziwani. Vyoo: kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, yaani 240, kisha kimoja kwa watu 20, yaani 600. Sasa jaribu kuchimba mashimo 600 kwenye mawe ya volkano ya Goma. Hapo hesabu inakuwa swali la ufundi: vyoo vya kuinuliwa juu ya ardhi, nani atavizoa, na uchafu utapelekwa wapi.

Halafu vifo. Katika kambi hiyo wamekufa watu 42 kwa siku 14. Gawanya 42 kwa 12,000, gawanya tena kwa 14, zidisha kwa 10,000: unapata vifo 2.5 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Kiwango hiki kikifika 1 tayari ni dharura. (Julai 1994, kipindupindu kilipowavamia wakimbizi wa Kibumba, Katale na Mugunga, kiwango kilikuwa kati ya 20 na 35.) Lakini hiyo 12,000 imetoka wapi? Mara nyingi imetoka kwenye orodha ya mgao wa chakula, ambamo jamaa moja inaweza kujiandikisha mara mbili na waliohama hawafutwi. Kama watu halisi ni 8,000, kiwango ni 3.75, na ripoti yako ilikuwa inapunguza msiba kwa theluthi. Upande wa pili, maiti iliyozikwa usiku bila kutangazwa haimo katika ile 42. Mwalimu mzuri hutumia muda mrefu zaidi kwenye makosa haya mawili kuliko kwenye kanuni yenyewe.

Jina "afya ya dunia" ni nadra kuliona mlangoni mwa kitivo cha Goma, Bukavu au Lubumbashi. Tafuta "santé publique" (afya ya umma) au "santé communautaire" (afya ya jamii). Lubumbashi kuna Shule ya Afya ya Umma ya UNILU, chuo kikuu cha mji huo. Bukavu kuna shule ya kikanda ya afya ya umma ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki. Goma, chuo kikuu cha ULPGL kina kitivo cha afya na maendeleo ya jamii. Na miji yote mitatu ina ISTM, yaani chuo cha ufundi wa tiba. Kabla ya kulipa, uliza kama programu inatambuliwa na wizara, inatolewa katika ngazi ipi, ina saa ngapi za takwimu, na staji (mafunzo ya kazini) inafanyika wapi.

Swali la staji ndilo zito. Staji ya kukaa ofisini kunakili barua haina faida. Iliyo bora ni ya ofisi kuu ya zone de santé (eneo la afya lenye vituo vyake), kwa sababu pale ndipo takwimu za vituo vya afya hukusanyika kila wiki, hukaguliwa, kisha huingizwa kwenye programu ya DHIS2 ambayo wizara inaitumia. Kosa utakalofundishwa kuligundua kwanza ni tofauti kati ya sufuri na nafasi tupu. Kituo kilichoandika "0" kwenye surua kinasema kimetafuta na hakikuona mgonjwa. Kilichoacha tupu hakijasema lolote. Huenda muuguzi amekimbia vita, huenda simu haina mtandao. Anayejaza sufuri mahali pa utupu ili jedwali lipendeze anauficha mlipuko unaoanza. Uliza kwa simu, umtume RECO (mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaani), na ikishindikana acha patupu.

Kiingereza usikingoje mpaka masta. Makala nyingi za fani hii, hata zinazohusu Kivu, zimeandikwa kwa lugha hiyo, na anayesoma Kifaransa peke yake husimuliwa habari za kwao na watu wa mbali.

Kazi zipo: kusimamia takwimu, ugavi wa dawa na chanjo, kufundisha RECO, kufuatilia miradi. Mikataba mingi ni mifupi na hutegemea fedha za wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, miradi mingi ya afya ilikatika katikati. Ndiyo maana ushauri wetu kwa mwenye diploma ya serikali, aliyemaliza sekondari, ni aanze na uuguzi, maabara, famasia au takwimu, kisha achukue afya ya dunia kwenye masta, ambayo ni miaka miwili na kredi 120. Aliyekwisha kuianza kama shahada ya kwanza asiiache. Ajiongezee stadi moja inayoshikika, kama kuchora ramani kwa QGIS au kuchambua takwimu kwa R. Programu zote mbili ni za bure, na zikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi hata mtandao ukikatika.