Mwanza–Bukoba kwa ndege: tunayokosea kuhusu umbali na muda

"Mwanza hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 400." Ni kweli, ila kwa basi. Barabara inalizunguka Ziwa Victoria kwa kusini: Usagara, Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, ndipo Bukoba. Ndege inakata ziwa, na toka uwanja hadi uwanja kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 175. Anayechukua umbali wa barabara kwenye simu akadhani ndio wa angani amezidisha zaidi ya mara mbili.

Wapo pia wanaosema Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limefupisha njia. Lililopungua ni muda wa kusubiri kivuko. Kilomita ni karibu zile zile.

Dhana inayowasumbua wengi zaidi ni hii: "Ndege ya pangaboi inakwenda kilomita 500 kwa saa, basi dakika 20 tumefika." Hesabu hiyo ingefaa kama ndege ingeanza safari ikiwa tayari angani na mwendo wake kamili. Muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho ya Mwanza mpaka inaposimama kwenye maegesho ya Bukoba. Humo kuna kutambaa ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya waongoza ndege, kupanda, na mara tu ikitulia huko juu, kuanza kushuka, kupunguza mwendo na kujipanga kutua. Kwa hiyo ratiba ikikuandikia dakika 40 au 45, hakuna aliyekudanganya. Ndiyo maana hata ndege yenye kasi kubwa zaidi haiokoi muda wa maana hapa. Faida yake utaiona ukitokea Dar es Salaam.

La mwisho linaniuma: "Tunazunguka tu hewani, huyu rubani hajui kazi." Usiku na alfajiri mawingu ya mvua hujijenga juu ya ziwa, na Bukoba, iliyo ufukwe wa magharibi, huyapokea mara nyingi asubuhi. Njia ya kurukia pale ina urefu wa mita 1,500 hivi, na ziwa liko jirani kabisa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakafariki. Rubani anayezunguka kusubiri mvua ipite, au anayeamua kurudi Mwanza, anakulinda. Tumheshimu.

Kama una miadi ya hospitali Bugando, au unaunganisha ndege nyingine Mwanza, usipange kwa dakika za tiketi. Acha saa kadhaa katikati, na kwa jambo lisiloahirishika, safiri siku moja kabla.