Atachimenti salama ni nini, na inakuwaje kama wewe mwenyewe ulilelewa kwa ndala

Juzi binti yangu wa miaka minne kamwaga uji mezani, ukatiririka mpaka kwenye simu yangu, na hata sijafikiria nikakuta mkono ushapanda juu. Sikumpiga. Ila vile alivyofumba macho, mabega yakapanda mpaka masikioni, nikajiona mimi wa darasa la pili, nimesimama vilevile mbele ya mtu kashika ndala.

Hicho ndo wanaita kiwewe kisichotibiwa. Sio lazima uwe umepitia vita au ajali. Ni kitu kilichokuumiza ukiwa mdogo, hakikusemwa, hakikuliliwa, kikabaki humo mwilini, sasa kikiguswa kidogo tu mwili unajibu kabla akili haijafika. Macho yanaona uji, mwili unaona hatari.

Na atachimenti je? Ni ule uhakika mtoto anaojijengea kuhusu mtu anayemlea, kwamba nikiumia au nikiogopa huyu atakuja. Nadharia yenyewe ni ya John Bowlby, daktari wa akili Muingereza, ila wengi hatujui kwamba kazi kubwa ya kuipima ilianzia hapa jirani tu. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, alikuwa Uganda mwaka 1954 na 1955, akawa anatembelea familia 26 vijiji vya karibu na Kampala, anakaa anaangalia mama na mtoto wanavyoishi. Akaona mtoto anatambaa anasogea mbali kidogo, anageuka kumcheki mama, yupo, anaendelea kucheza, akishtuka anarudi mbio. Huyo ndo salama. Yaani sio mtoto asiyelia, ni mtoto anayelia akabembelezwa akatulia, afu akarudi kwenye michezo yake. Tena watoto wa namna hiyo, mama zao wengi walikuwa wale ukiwauliza habari za mtoto wanakuelezea mpaka vitu vidogovidogo. Na kulelewa pia na bibi au shangazi hakukumzuia mtoto kushikamana na mama yake, nalisema hili maana siku hizi tunatishwa sana mitandaoni.

Sasa mtu wa ndala anatoa wapi kitu ambacho hakupewa? Mary Main, aliyekuwa mwanafunzi wa Ainsworth, miaka ya 80 yeye na wenzake waliwahoji wazazi kuhusu utoto wao. Kilichoendana na hali ya watoto wao hakikuwa sana kama mzazi aliteswa au alidekezwa, ni namna anavyousimulia huo utoto. Anayesema "baba alikuwa mzuri tu" afu baada ya dakika tano anasimulia alivyofungiwa stoo usiku kucha, wala haoni kama hayo mawili yanagongana, huyo bado. Anayesema "alinipenda, na alinipiga vibaya, na nilimuogopa", huyo ameshaishika hadithi yake na mwanae ana nafasi nzuri. Kwetu hapa ndo pagumu kweli, maana tumezoea "mbona mi nilichapwa na nimekuwa mtu", na ukikubali kwamba iliuma unajiona kama unamsaliti mama yako. Mi naona unaweza ukampigia simu kila siku, ukamtumia hela ya dawa, na bado ukasema ile iliuma.

Afu kuna kurudi kutengeneza. Ed Tronick, mtafiti wa Marekani, aliwaangalia sana mama na vichanga vyao akakuta hata wale wanaopatana vizuri wanapishana muda mwingi tu, huyu anataka kucheza yule kachoka, kinachomjenga mtoto ni kwamba wakipishana wanarudiana. Kwa hiyo hata ukikosea hujaharibu kila kitu, labda usiporudi.

Mimi siku ile ilinichukua kama dakika kumi, nilienda kwanza uani nikanawa uso. Nikarudi nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia mama alikasirika, ule mkono ulikuogopesha, pole mwanangu, uji ukimwagika tunafuta. Akaniangalia weee, akauliza simu imekufa? Nikamwambia haijafa. Akaenda jikoni kuleta tambara.