Ufa umepotea, lakini haujaziba

Nasema tena, na safari hii naandika ili nipate mahali pa kuwaelekeza watu: acheni kumimina supa gluu kwenye kioo cha mbele. Msimu wa watalii ukichanganya, Land Cruiser zinarudi Arusha kutoka Serengeti zimepigwa mawe, na dereva anakuwa ameshajitibia njiani kwa kile kichupa cha machinga. Anaegesha, anashuka kwa madaha: "Fundi, mimi nilishaziba, wewe nipigie polishi tu."

Ngoja nianze na jambo ambalo mafundi wenzangu hawapendi kulikubali. Kwa macho, supa gluu inafanya kazi. Ukiidondosha kwenye ufa mpya, ufa unafifia hapohapo, pengine usiuone kabisa. Dereva hadanganyi. Ila hata ukipaka mafuta ya kupikia utaona maajabu hayohayo. Ule mstari unaomeremeta unaonekana kwa sababu ya hewa iliyoingia kwenye ufa. Kioo hupindisha mwanga kwa kiwango cha kama 1.52, hewa ni 1.0, mwanga ukifika mpakani sehemu yake inarudi, nawe unaona mng'ao. Supa gluu iko karibu na 1.49. Ikikaa pale palipokuwa na hewa, mwanga unapita moja kwa moja na jicho linaridhika. Kama kile kioo kimeshikana au hakijashikana, jicho haliwezi kukuambia.

Na mara nyingi hakijashikana. Supa gluu inagandishwa na unyevu, na asubuhi ya mwezi wa saba Arusha unyevu si kitu cha kutafuta. Inaganda mdomoni mwa ufa kabla haijafika kwenye ncha. Sasa ncha ndiyo inayotembea! Ufa haurefuki kuanzia pale jiwe lilipopiga, unarefukia kwenye ile ncha nyembamba usiyoiona bila kurunzi. Ukiziba mdomo ukaacha vumbi, maji na hewa ndani, umefunga mlango wa ghala na panya wamo.

Wajanja hunijibu kwamba hata gundi ninayotibia vioo ni akriliki, kwa hiyo ni ukoo mmoja na supa gluu. Ni kweli, ni ndugu. Lakini yangu haigandi mpaka niimulike kwa taa ya miale ya urujuanimno, na huo muda ndio kazi yenyewe. Nafunga sindano juu ya tundu, nafyonza hewa, nasukuma gundi, nafyonza tena, nasukuma tena, huku nachungulia kwa ndani mpaka kila mguu wa ile nyota, yaani nyufa zinazotawanyika kutoka pale jiwe lilipopiga, umelowa hadi mwisho. Ndiyo maana pia nakusogeza kivulini. Watu wanadhani nakimbia jua, kumbe jua la huku juu lina miale hiyohiyo ya taa yangu na litanigandishia gundi kabla ya wakati. Halafu supa gluu ni ngumu ila haina unyumbufu, na haipendi joto. Kioo kilichoanikwa mchana kutwa kinatanuka, usiku kinasinyaa. Ile gundi inaachia, hewa inarudi, na mteja anarudi nayo. Hapo hata mimi sina la kufanya, kwa sababu njia ya kupitishia gundi imeshazibwa.

Kinachomalizia kazi ni Ngorongoro. Ukingo wa kreta uko kwenye mita kama 2,300, alfajiri ni baridi ya kuuma meno, kioo kimejaa ukungu, dereva anawasha hita yote. Ndani moto, nje barafu. Ufa uliokuwa na urefu wa ukucha unavuka kioo kabla wageni hawajamaliza chai. Ukisalimika hapo, barabara ya moramu baada ya Loduare, lango la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro, itakushughulikia.

Kipi kinatibika? Haraka haraka. Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo na utando wa plastiki katikati. Jiwe kwa kawaida huvunja tabaka la nje tu. Pitisha ukucha kwa ndani ya gari. Ukikwama, tabaka la ndani nalo limekwenda, badilisha. Ufa uliogusa ukingo wa kioo, badilisha. Kioo cha mlangoni usiniletee kabisa, kile kikivunjika kinakuwa punje. Kwa ukubwa, nafuata kipimo cha Uingereza, nao usukani wao uko kulia kama wetu: kwenye ukanda wenye upana wa milimita 290 ulio mbele ya dereva, jeraha lisizidi milimita 10, mbali na hapo, hadi 40. Hata likitibiwa vizuri litabaki doa hafifu, kwa hiyo mbele ya macho ya dereva napendelea kubadilisha hata pale kipimo kinaporuhusu. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hailipi kioo chako, usinibishie.

Kwenye kubadilisha kuna ugonjwa mwingine: silikoni. Noah, RAV4, Alphard, kioo chake kinashikwa na gundi ya polyurethani, na ni sehemu ya mwili wa gari, kinasaidia kubeba paa likipinduka. Kwenye gari nyingi, begi la hewa (airbag) la abiria linapofumuka linaegemea kioo hicho ndipo limpokee mtu. Silikoni ya kuzibia sinki itazuia mvua, nakubali, na wewe utapita mtaani Sakina ukisema fundi wako ni bei nafuu. Siku begi likifumuka, kioo kitatoka chenyewe. Na gundi sahihi nayo inataka muda. Nikikwambia gari halitoki mpaka jioni sikutafutii hela ya maegesho.

Land Cruiser za ukoo wa 70 ambazo kioo kinakaa kwenye raba ni habari tofauti. Pale gundi si hoja, hoja ni raba iliyokakamaa na fremu yenye kutu. Wengi wanabadilisha kioo wanarudisha raba ya zamani, kisha wanalalamika maji yanadondokea kwenye dashibodi.

Sasa yale ambayo vipeperushi vya vifaa haviyasemi. Nyota yenye miguu mirefu inaweza kukimbia mikononi mwangu wakati nasukuma gundi. Namwambia mteja kabla sijaanza, na kuna anayechukua funguo akaondoka. Namwelewa. Maji pia yananisumbua. Gari likioshwa ufa ukiwa wazi, nakausha kwa joto la polepole kutokea ndani, lakini hakuna kifaa mkononi mwangu cha kunihakikishia kwamba unyevu umeisha. Wakati mwingine kazi inatoka safi, halafu baada ya muda panaingia weupe. Kutoboa kitundu kwenye ncha ya ufa ili kuusimamisha nako naona mafundi tunakufanya kwa imani zaidi ya kipimo. Kuna nyufa zinasimama, kuna zinazoruka kitundu na kuendelea na safari.

Kwa hiyo jiwe likikupiga ukiwa Karatu au kwenye lango la Naabi la Serengeti: simama, futa vumbi la juu kwa kitambaa kikavu, bandika selotepu safi kwa nje. Usioshe gari. Hita iwe ya chini na isielekezwe kwenye kioo. Milango funga taratibu, au acha dirisha wazi kidogo, maana ukiibamiza hewa ya ndani inasukuma kioo. Kisha njoo mapema, ufa ukiwa mchanga na mkavu, ndiyo kazi rahisi na ndiyo bei rahisi. Na ile dawa ya meno ambayo wengine hupaka kwenye ufa, ibaki bafuni.